Waya Uliobaki

Naryn, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
na mama amekwisha kaa kiti cha nyuma,
beseni la boorsok mapajani,
shali ya manyoya mpaka nyusi.
Hashuki. Matanga ya shangazi kule Kochkor
hayangoji betri.

Betri ni mpya. Nimeinunua mwenyewe,
nimeifunga mwenyewe jana usiku,
tochi mdomoni, spana namba kumi mkononi,
chanya kwa chanya, hasi kwa hasi,
nikajipigia makofi kwa glavu.
Kikabaki kipande kimoja cha waya:
kifupi, bapa, kimesukwa kama nywele za mtoto
anayepelekwa shule siku ya kwanza,
kina tundu kila ncha.
Nikasema, Wajerumani nao kwa makorokoro!
Nikakitupa kwenye kopo la jemu
pamoja na nati zisizo na wenyewe.

Leo nazungusha ufunguo.
Stata inasema tk.
Taa ya oili inawaka nusu, inasitasita
kama mtu aliyeulizwa deni mbele ya wageni.
Tena. Tk. Mshale wa joto unaruka, unalala.
"Lina shetani," asema mama. "Lisomee."

Nampigia Ulanbek, Moscow.
Yuko zamu; nasikia koleo lake
likikwangua barafu ya ngazi za watu.
"Umepima betri?"
Nimepima. Kumi na mbili nukta saba.
"Umepima wapi?"
Kwenye betri.
"Hapo imejisifu yenyewe. Weka ncha moja kwenye hasi,
nyingine kwenye chuma cha injini,
halafu mtu azungushe ufunguo."

Mtu ni mama.
Anapenyeza mkono kati ya viti,
hadondoshi hata boorsok moja,
anazungusha. Tk.
Na mita, mahali ilipopaswa kulala sifuri,
inasoma tisa.

Volti tisa. Nazitazama
kama pesa zilizokosekana kwenye hesabu.

"Gusa kebo ya akselereta."
Nagusa. Navua glavu, nagusa tena.
Ni ya moto. Katika baridi hii
inayogandisha mate kabla hayajafika chini,
ule waya mwembamba unanuka plastiki inayoungua.

"Basi ndiyo hiyo," asema Ulanbek.
"Hasi umeifunga kwenye bodi, sawa,
lakini injini imekaa juu ya mipira, haigusi bodi.
Umeupa umeme njia ya kwenda,
hukuupa ya kurudi.
Umekosa mlango, unapita dirishani."

"Sema tena hayo," asema mama kutoka nyuma.
"Sema kwa sauti, mwanangu, nisikie vizuri."

Koleo likanyamaza.
Gari moja likapita, huko kwao.

"Kuna waya ulibaki?" akauliza, taratibu.
Nikakodolea macho theluji.
"Kopo la jemu," akajibu mama.
"Juu ya friji. Nimeuona tangu jana,
nikadhani unajua unachofanya."

Basi nikalala chali juu ya gunia,
nikakwangua kutu, nikakwangua na rangi,
maana rangi ni nzuri kwa macho
lakini umeme hauingii kwa aliyejipaka,
nikapiga msasa mpaka chuma kikaniangalia.
Ncha moja kwenye injini, ncha moja kwenye bodi.
Vidole vikakataa kazi; nikavitia kwapani, nikavirudisha.
Nati ya mwisho niliikaza kwa hasira.

Injini ikashika mara ya kwanza.
Ikakohoa moshi mweupe, ikatulia,
na vioo vikaanza kulia machozi ya barafu.

Nikachukua simu nimwage.
"Usikate," akasema. "Iweke hapo kwenye boneti.
Kidogo tu."

Nikaiweka.
Mama akafungua beseni, akala boorsok moja ya watu wa matanga,
na hakuna aliyemharakisha.